Mwaka Niliofanya Kazi chini ya Kadi

Mwezi uliopita niliketi katika ukumbi wa parokia, hapa Kamina, nikamsikiliza Désiré akisimulia mwaka wangu kana kwamba ni wake. Alikuwa ameletwa kutoka Lubumbashi kufundisha vijana wa ufundi: washonaji, wachomeleaji, mafundi wa mbao. Mezani aliweka kisanduku cha plastiki chenye kadi zilizochapishwa vizuri, nyuma zote za buluu, mbele kila moja ina amri fupi. Alieleza kwamba fundi akikwama, au akitaka kubuni kitu ambacho macho hayajakizoea, avute kadi moja bila kuchagua na kuifuata hata kama haoni maana yake. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango. Viti vya ukumbi ule nilivitengeneza mwenyewe, na paroko aliniomba nije niangalie vile vilivyolegea. Désiré hakuniona, au aliniona asinitambue, au alinitambua. Sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

Akavuta kadi, akaisoma kwa sauti: “Tumia kilichobaki.” Akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki. “Ile kadi iko na histoire,” akasema, yaani ina kisa chake. “Zamani, humu humu Kamina, mu atelier yenye nilikuwa naongoza, kulikuwa kijana moja. Fundi muzuri, mikono ya dhahabu. Lakini kichwa, bantu yangu! Kadi inasema tumia kilichobaki, ye anaenda kukamata mbao za sanduku ya maiti, anatia mu kitanda ya bibi arusi!” Ukumbi ulilipuka. Vijana walipigana mabega kwa kucheka. Binti mmoja mshonaji akauliza, “Na huyo kijana alifikaka wapi?” Désiré akapunga mkono. “Ah, alikimbia. Ba namna ile banakimbiaka.”

Sikukimbia. Niliondoka mchana, kwa treni, na watu walioniona nikipita, wengi wao bado wako hai. Nilipokuwa nimekaa pale nikisikia kicheko kile, nilitambua kwamba hadithi yenyewe haikuniudhi kama nilivyotazamia. Kilichoniudhi ni jinsi ilivyokuwa imelainika. Ilikuwa imepigwa randa na kutiwa vanishi, imekaa mdomoni mwake kama kitu kilichosimuliwa mara nyingi, katika miji mingi, mbele ya watu wengi waliocheka. Kwa hiyo nitaiandika hapa jinsi ilivyokuwa kabla ya randa.

Karakana, ile atelier aliyoitaja Désiré, ilikuwa ya Maman Mujinga, mjane wa fundi aliyetufundisha kazi. Ilikuwa chumba kirefu cha matofali mabichi, bati juu, nyuma ya nyumba yake upande wa reli. Treni ya mizigo ilipopita, zana zilizotundikwa misumarini zilitikisika na kugongana, nasi tuliinua mikono kwenye kazi mpaka ipite, maana mstari uliochorwa wakati treni inapita si mstari. Jiko la Maman lilitenganishwa nasi na ukuta wa mbao tu. Tulisikia kila alichosema na majirani, naye alisikia kila tulichosema. Mchana tulikula pamoja kwenye meza ya kazi iliyofagiwa vumbi la mbao: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wakavu wa Bukama siku walizopatikana. Nilikuwa fundi kamili wakati huo, si mwanafunzi tena. Kuchora kwa vipimo nilijifundisha mwenyewe kutoka kitabu cha Kifaransa kilichopoteza jalada, nikitafsiri ukurasa mmoja kabla ya kuanza mwingine. Ninasema hivi ili ieleweke kwamba nilikuwa mtu wa utaratibu tangu hapo, na kwamba Désiré aliponiita “muzee wa mita” mbele ya wateja, hakuwa amekosea. Alikuwa anatukana tu.

Alikuja mwanzoni mwa kiangazi, mpwa wa marehemu mwenye karakana, amesoma sanaa Lubumbashi kwa muda. Maman alimpa uongozi kwa sababu alikuwa damu ya mumewe na kwa sababu alijua kusema na wateja. Juma lake la kwanza alikata maboksi ya sabuni kuwa vipande sawa, akaandika kwa kalamu nyekundu, na kuvitia katika kopo la maziwa ya unga. “Ondoa mguu.” “Geuza.” “Fikiri kama maji.” “Rudia kosa.” “Tumia kilichobaki.” Zilikuwepo nyingine, lakini hizo ndizo nilizozishika. Sheria ilikuwa kwamba kabla ya kazi yoyote mpya kopo lizungushwe, kadi ivutwe, na inachosema kifanyike. “Kadi haibishaniwe,” alisema. “Ukibishana nayo, unarudia kutengeneza kintu moja ile yenye babu yako alitengeneza.”

Nikamwuliza, “Na kama kintu yenye babu alitengeneza iko muzuri?”

“Basi uende ukamutengenezee babu.”

Sitasema kwamba kadi zilikuwa upuuzi mtupu. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa uongo. “Ondoa mguu” ilitupa kigoda cha miguu mitatu ambacho hakikuyumba hata kwenye sakafu ya udongo, na wanawake wa soko walikipenda. “Fikiri kama maji” iliniweka kwa muda nikitazama mfereji wa mbele ya karakana, na nikarudi na wazo la ukingo wa kabati ambao bado ninautumia. Nililifikiria jambo hili kwa miaka na nimefikia hapa: kadi humsukuma mtu ambaye kichwani mwake mna kitu tayari. Hulegeza kilichokwama. Ila Désiré alikuwa amegundua matumizi mengine, na hayo hakuwafundisha vijana wa parokia. Kigoda kilipopendwa, alidai wazo ni lake: “Ile njo idée yangu.” Kabati la katekista lilipofunguka kuelekea ukutani kwa sababu ya “Geuza,” na katekista akaja akifoka, Désiré aliinua mabega. “Papa, kadi njo ilisema.” Katekista mwenyewe akacheka. Mimi nilikaa alasiri nzima nikihamisha bawaba. Kupitia ukuta wa jiko nilimsikia Maman akimwambia jirani, “Huyu mutoto iko na akili ya wazungu.” Jirani akajibu, “Na ule mwingine?” “Ngoy? Ngoy iko na nyundo.” Ngoy ni mimi.

Kabla mvua hazijaanza, Ilunga alikufa. Alikuwa fundi wa reli, kijana wa rika letu, na mama yake alikuja mwenyewe kuagiza sanduku. Tulilitengeneza kwa mulombwa, mti mwekundu ambao ukikatwa hutoa utomvu kama damu. Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Katika vijiji vya upande wetu, mbao zilizobaki kwenye sanduku la maiti si mabaki. Ni za marehemu. Fundi huzikusanya, hata kipande cha urefu wa kidole, huzifunga kwa kamba ya gome na kuziweka juu, pale ambapo mkono hauwezi kuzichukua kwa haraka ya kazi. Siku ya kumaliza kilio familia huja kuzichukua, na zinachomwa katika moto wa mwisho wa matanga. Kabla ya hapo, wanasema wazee wetu, safari ya marehemu haijafungwa. Kama mtu anaamini au haamini, hiyo ni kazi ya roho yake. Lakini fundi wa kwetu anayezigusa anajua anachokigusa. Nilizifunga mwenyewe. Niliziweka juu ya boriti ya mlango, na Désiré alisimama pale akinitazama, mikono mifukoni.

Katikati ya kilio kile, Papa Ramazani akaagiza kitanda cha binti yake aliyekuwa anaolewa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, wa familia za Maniema zilizokaa hapa tangu zamani, mtu mwenye Kiswahili kilichonyooka na sauti ya chini. Alitaka kitanda ambacho hakipo katika nyumba nyingine Kamina. Désiré alizungusha kopo mbele yake kama mchezo wa sherehe, akavuta, akasoma: “Tumia kilichobaki.” Papa Ramazani alitabasamu kwa adabu na kuondoka. Désiré akainua macho kwenye boriti.

“Zile apana,” nikasema.

“Ni mulombwa. Unaona ile rangi? Kwa kichwa ya kitanda, vipande vidogo vidogo vya pembe ine, hapa nyeusi, hapa nyekundu...”

“Ziko na mwenyewe.”

“Mwenyewe alikufa, Ngoy.” Akacheka. “Na Ramazani ni mwislamu. Bao habazikake na sanduku. Kwa bao ule ni muti tu. Ni nani ataumia?”

“Mama Ilunga atakuya kuzitafuta.”

“Utamupa zingine. Muti ni muti.”

Nikamwambia kwamba akizigusa nitamwambia Maman. Akajibu, “Ambia. Maman ni tante yangu,” yaani shangazi yake. Kesho yake asubuhi Maman mwenyewe alinituma mji wa Luena na fremu za madirisha ya shule, na kwa kuwa treni ya kurudi ilichelewa karibu juma zima, nilikaa kwa watu kule. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba ya gome sakafuni, imekatwa kwa kisu. Kitanda hakikuwepo. Kilikuwa kimechukuliwa asubuhi ile na vijana wa Papa Ramazani, na kila aliyekiona njiani alikuwa amesimama kukitazama. Baadaye nilikiona. Kilikuwa kizuri. Lazima niandike hivyo pia. Vile vipande vyekundu vilipangwa kama jua linalochomoza, na hapakuwa na mstari hata mmoja uliokosea. Désiré alikuwa na macho na mikono. Sijawahi kukana.

Mchana wa siku niliyorudi tulikuwa tunakula. Nikasema mbele ya wote, “Maman, Désiré alikata mbao za Ilunga, akazitia mu kitanda ya Ramazani.” Maman Mujinga alikuwa anakata bukari kwa kijiko cha mti. Hakuacha kukata. Akaniwekea tonge langu kwenye sahani. “Kula kwanza,” akasema. Nikangoja aseme jingine. Akamwekea Désiré. Akajiwekea yeye. Nimefikiri sana juu ya mlo ule. Nadhani alikuwa anapima, kama mtu anayepima ubao usiotosha: mpwa huku, fundi huku, na jina la karakana ya mumewe katikati. Sombe ile ilikuwa na mafuta ya mawese mengi, mazuri. Niliila yote, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Siku ya kumaliza kilio Mama Ilunga akaja. Alikuwa amenyolewa kichwa, amekuja na wanawake wawili wa ukoo, na mmoja alikuwa ameleta kitambaa cheupe cha kubebea. Akasimama mlangoni bila kuingia. “Tulikuya kukamata ile ya mutoto,” akasema. Désiré alikuwa karibu naye kuliko mimi. Alisema, kwa upole kabisa, “Mama, muulize Ngoy. Ye njo alizifunga.”

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilifanya kazi. Wanawake wale walinigeukia wote kwa pamoja. Nikasema, “Nilizifunga, mama. Sikuzikata. Désiré alizikata, ziko mu kitanda ya Papa Ramazani.” Désiré akapiga ulimi kwa huzuni, kama mtu anayemwonea haya mwenzake. “Mu hii atelier,” akasema, “hakuna mutu anasema ‘mi’ na ‘weye.’ Tunafuata kadi. Kadi ilitoka, kazi ikafanyika.” Mama Ilunga akauliza, “Kadi ni nani?” Nilimtazama Maman Mujinga, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Yeye alijua. Nilimwambia mwenyewe, mezani pake. Akasema, “Ngoy, enda ukazilete.”

Habari ilifika kwa Papa Ramazani kabla yangu. Alikuwa ameshatoa kitanda nje, kimesimamishwa, ua mzima ukikitazama, na ndani binti yake alikuwa analia. “Nani amekata?” akaniuliza. Nikasema, “Si mimi, papa.” “Inawezekana,” akasema. “Lakini waliokuja kuniambia wamesema jina lako. Mtu akitumia mti wa maiti katika kitanda cha harusi, kwenu mnamwitaje?” Jibu ni neno moja na sote tulilijua. Mulozi. Mchawi anayetafuta kumfunga aliye hai kwa aliyekufa. Watoto waliokuwa langoni walilisema badala yangu, si kwa sauti kubwa, wakisukumana.

Nilikaa chini katika ua ule nikaving’oa vipande vyote kimoja kimoja, kwa patasi nyembamba, bila kuvunja hata kimoja. Gundi ilikuwa bado haijashika sana. Nikaviweka ndani ya shati langu, nikavipeleka kwenye matanga. Moto ulikuwa umewashwa. Watu walinipisha, si kwa heshima. Nikamfikia Mama Ilunga, nikapiga goti, nikamnyooshea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Hakunyoosha yake. Akasema, “Weka chini.” Nikaweka chini. Akachukua ncha ya kitambaa chake, akavizoa kwa kitambaa bila kidole chake kugusa, akavitia motoni. Watu wote waliona. Baada ya hapo hapakuhitajika neno lolote.

Maman Mujinga hakunifukuza. Aliacha tu kuniwekea sahani. Wateja walioingia walisalimia wote na kuniruka. Désiré, katika majuma yale ya mwisho, alinitendea kwa wema mkubwa. Alinipa kazi za nyuma ya karakana “mupaka bantu basahau,” na aliiondoa kadi ile kutoka kwenye kopo mbele ya wageni, kwa uzito, kama mtu anayebeba lawama za mwingine. Nikaondoka kwenda Luena. Nilikaa huko miaka mingi, nikajenga jina kwa watu wasionijua, kisha nikarudi kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kufanya kazi. Nina karakana yangu. Watu wananiagiza milango, madirisha, viti vya kanisa, makabati. Hakuna mtu wa Kamina aliyewahi kuniagiza kitanda. Hawasemi kwa nini, na wengi wa vijana, nadhani, hawajui. Wazazi wao waliwaambia tu waende kwa fundi mwingine.

Ukumbi ulipomalizika nilimngoja Désiré nje. Alifungua mikono. “Ngoy! Ndugu yangu! Uko hai!” Nikamwacha anikumbatie kwa kuwa vijana walikuwa wanatazama.

“Ulisema ni kijana njo alikata.”

“Ah, ile ni mufano, Ngoy. Mufano haina jina.”

“Jina iko. Ni yangu. Hapa banaijua.”

“We, muzee wa mita!” Akanipiga bega. “Bado unapima? Ile yote ilitufanya tukuwe bantu.”

“Weye njo ilikufanya.” Nikamwambia kwamba Mama Ilunga bado yuko, kwamba nyumba yake si mbali, na kwamba twende wote wawili aseme mbele yake mkono wa nani ulikata. Nilisema polepole ili asikie vizuri. Akatazama simu yake, kisha gari lililokuwa linamngoja na mlango wazi, akasema angependa sana, safari ijayo. Kisanduku chake cha kadi kilikuwa kwapani. Vijana wakapiga picha naye.

Nikaenda peke yangu. Mama Ilunga ni kikongwe sasa, lakini masikio yake ni mazuri. Alikuwa kwenye mkeka uani anachambua maharage, na mjukuu wake akanipa kigoda. Nilimsalimu, nikamwambia jina langu. Akasema anajua. Nikamwambia nilichokuwa sijamwambia tena tangu siku ile mlangoni, kwamba mbao za Ilunga nilizifunga lakini sikuzikata, kwamba aliyezikata ni Désiré.

“Najua,” akasema.

“Tangu lini, mama?”

“Tangu ile siku. Mutu mwenye alikata hangelia njiani, akibeba vipande mu shati. Nilikuona kutoka mbali.”

Nilikuwa sikumbuki kwamba nililia. “Sasa kwa nini ulikataa kuzikamata mu mikono yangu?”

Aliendelea kuchambua. Jiwe dogo alilitupa pembeni. “Haikuwa kazi yako kuzileta. Nilikuwa nangoja mwenye alikata azilete. Moto ukaanza kuzimika, hakukuya. Basi nikasema uweke chini.”

“Bantu yote balifikiri unaogopa mukono yangu. Baliniita mulozi, mama. Mupaka leo.”

“Nilisikia.”

“Na hukusema kitu.”

Akainua uso, akanitazama bila hasira na bila huruma, kama mtu anayeulizwa habari ya njia ambayo kila mtu angeweza kuiuliza. “Hakuna mutu aliniuliza,” akasema. Kisha akamwita mjukuu alete maji ya kunawa mikono, kwamba bukari iko karibu kuiva na nikae nile.

Nikamshukuru. Sikukaa.